Mwaka Unaoogwa: Taarikhi ya Nairuzi Katika Vijiji vya Kusini Unguja

Usiku wa kibunzi, ndio usiku wa mwisho wa mwaka wa jua kwa hesabu ya wazee wetu, bibi yangu alikuwa halali mpaka auzime moto wa jikoni kwa mkono wake mwenyewe. Na moto huo, ambao siku zote nyengine ulifukiwa kwa jivu ili alfajiri lipatikane kaa la kupulizia, usiku ule ulimwagiwa maji mpaka mafiga yakalia na mvuke ukajaa chumba, kisha jivu lote likazolewa ndani ya pakacha, likapelekwa njia panda na kumwagwa huko, na aliyelibeba akarudi bila ya kugeuza shingo. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita au saba, na katika maisha yangu mafupi sikuwa nimepata kuiona nyumba yetu bila ya moto. Nililala nikiushika ukaya wake, nikisikia upepo wa kusi ukipita katika makuti ya paa, nikaona kwamba hakika kitu kikubwa kimekwisha na kitu chengine hakijaanza, nasi tumo katikati, gizani.

Kabla ya kupambazuka tuliamshwa, wakubwa kwa wadogo, tukateremka pwani kwa njia ya mawe yenye ncha ambayo nyayo zetu ziliijua hata bila ya mwanga. Pwani ya mashariki ya Unguja, kwa asiyeijua, si pwani ya maji yaliyo karibu na mtu siku zote. Mwamba umejitandaza mbali baharini, na baina ya mwamba na mchanga pana maji mapana yasiyo na kina, na bahari inapokupwa maji hayo huondoka, yakawaacha wanawake na watoto watembee kwa miguu mahali ambapo saa chache nyuma ngalawa ilikuwa ikielea. Basi ilipotokea kwamba alfajiri ya mwaka imekutana na maji kupwa, kwenda kuoga ilikuwa ni safari kwelikweli, na tuliokuwa wadogo tulishikwa mikono kwa kuogopewa miba ya urumbu na makali ya mawe. Tulizamishwa mara tatu, vichwa na vyote, katika maji ya baridi ya kusi, na bibi, aliyesimama na kanga yake imemganda mwilini, alisema kwa sauti ya mtu aombaye dua: "Kogeni, wajukuu zangu, mwaka uende na uchafu wake."

Maneno hayo ndiyo yaliyomo ndani ya jina la siku yenyewe. Watu wa mbali, wasikiapo Mwaka Kogwa, hudhani kuwa ni jina tu lisilofumbulika, ilhali ni maneno ya wazi: koga ni tamko la kwetu la kitenzi ambacho leo wengi wetu twakitamka kuoga, na kogwa ni kutendwa kwake. Lakini kinachostahili kuangaliwa ni namna kitenzi hicho kinavyotumika hapa. Mtu husema ameoga janaba, wala hana maana kwamba janaba ndiyo maji aliyoogea. Maana yake ni kwamba alikuwa nayo mwilini, akaoga, ikamtoka. Vivyo hivyo mwaka. Siku mia tatu na zaidi zimempitia mwanadamu, na kila moja imemwachia kitu, hasira hii, husuda ile, maradhi, deni, neno alilosema akajuta. Na wazee wetu waliona kwamba mzigo huo haumtoki mtu kwa kugeuka kwa tarehe peke yake, bali lazima uogwe.

Saa chache baada ya kutoka baharini, ngozi zetu bado zina chumvi, tulikuwa tukikaa jamvini kwa mwalimu wetu wa Kurani na mbao zetu mapajani. Na mwalimu, aliyekuwa mtu wa ilimu na mcha Mungu, alitufundisha miezi kumi na miwili ambayo ndani yake hakuna siku hata moja iitwayo Nairuzi, ndilo jina jengine la siku hiyo ya Mwaka Kogwa: Muharram, Safar, Rabiul-awwal na mingineyo mpaka Dhulhijja, miezi inayofuata mwandamo, na ambayo kwayo tunafunga, tunahiji, tunatoa zaka na kuwakalia eda waliotutoka. Hapo ndipo mtoto wa shamba katika nchi yetu alipojifunza, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba anaishi katika miaka miwili kwa pamoja. Mmoja wa mwezi na mmoja wa jua, mmoja wa msikitini na mmoja wa kondeni.

Wala haikuwa dhihaka wala ujinga kwamba watu wakashika miaka miwili. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo unaupungukia mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja. Na kwa sababu hiyo Ramadhani huzunguka majira yote, ikafungwa katika joto la kaskazi, kisha katika vuli, kisha katika baridi ya kusi, na katika muda wa miaka kama 33 ikarudi ilikoanzia. Katika jambo la ibada hiyo ni rehema na uadilifu, maana hakuna umma wa nchi yoyote utakaofunga daima katika siku ndefu za hari na mwengine daima katika siku fupi. Lakini mkulima hawezi kupanda mtama kwa mwezi wa Shaabani, kwa kuwa Shaabani ya mwaka huu ni mvua na Shaabani ya miaka kumi ijayo ni kiangazi. Wala nahodha hawezi kuahidi kutweka tanga katika Rajabu. Mvua na upepo hufuata jua. Ilikuwa lazima iwepo hesabu ya jua pembeni mwa hesabu ya mwezi, na hesabu hiyo watu wa pwani waliipata kutoka baharini.

Neno Nairuzi ni la Kiajemi, limeungwa kwa maneno mawili yenye maana ya siku mpya, na katika nchi ya Uajemi ndiyo siku kuu ya kufungua mwaka tangu zama za kabla ya Uislamu. Mfalme wa mwisho wa ukoo wa Sasani, Yazdegerd wa tatu, alikalia kiti katika mwaka wa 632, mwaka ule ule aliofariki Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie. Na tangu kutawazwa kwake ikahesabiwa taarikhi yenye mwaka wa siku 365 kamili, isiyoongezwa siku ya ziada kila baada ya miaka minne kama wafanyavyo Wazungu. Upungufu huo unaonekana mdogo, ni saa sita tu kwa mwaka, lakini katika miaka minne ni siku nzima na katika miaka mia ni siku kama 25. Waajemi wenyewe waliiona kasoro hiyo, na katika mwaka wa 1079, chini ya Sultani Malik Shah, wanafalaki ambao miongoni mwao alikuwamo Omar Khayyam waliirekebisha hesabu na kuifunga Nairuzi yao katika siku ya mwezi wa Machi ambayo usiku na mchana huwa sawa. Hata leo iko hapo.

Mabaharia lakini hawakuyafuata marekebisho hayo. Manahodha wa Ghuba na wa Bahari ya Hindi waliendelea na mwaka wa siku 365 usio na nyongeza, kwa kuwa ulikuwa mwepesi kuhesabika chomboni, nao wakahesabu siku tangu Nairuzi: siku ya themanini, siku ya mia, siku ya mia na themanini, na kila safari na siku yake. Ahmad ibn Majid, mwana wa Julfar katika pwani ya Ghuba, bwana mkubwa wa ilimu ya bahari katika miaka ya mwisho ya karne ya 15, aliandika nyakati za kuondoka bandari kwa bandari kwa hesabu hiyo hiyo ya siku za Nairuzi. Majira hayo ya safari kwa Kiarabu huitwa mausimu, na neno hilo hilo ndilo tulilolifanya msimu, tukawa twalitumia kwa embe na kwa mpunga bila ya kukumbuka kwamba lilishuka kwenye jahazi. Mwenye kuja na kaskazi akarudi na kusi alikaa nasi miezi mingi akingoja upepo ugeuke. Alioa, alijenga, alisali nasi, alizikwa kwetu, na katika vitu alivyotuachia mojawapo ni mwaka.

Dalili ya kwamba Nairuzi yetu ni ile ya mabaharia, wala siyo ile iliyorekebishwa, iko katika tarehe yake. Zama za Ibn Majid siku hiyo ilikuwa ikiangukia mwezi wa Novemba. Katikati ya karne ya 19 ilikwisha kurudi nyuma mpaka mwisho wa Agosti. Nilipokuwa mtoto ilikuwa katika siku za mwanzo za Agosti, na sasa imeingia Julai. Nami nilishangaa, tena nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu asiyemjua, nilipopata kufahamu kwamba Parsi wa Bara Hindi, kizazi cha Waajemi waliokimbilia huko na dini yao ya kale, wamo miongoni mwao wanaoitwa Kadmi ambao nao wameishika taarikhi ya Yazdegerd bila ya nyongeza, na mwaka wao huanza katikati ya Julai. Watu wa dini mbali, nchi mbali na lugha mbali, hawakuandikiana barua wala kushauriana, na bado hesabu imewafikisha mahali pamoja kwa sababu kila mmoja aliushika mwaka ule ule usio na nyongeza.

Aliyehesabu katika nyumba yetu ni babu, baba wa mama yangu. Hakujua kusoma hati za Kizungu, na Kurani aliisoma kwa kuihifadhi. Lakini mwaka aliujua kama ajuavyo mtu njia ya kisimani. Mwaka wa jua wa kwetu hugawanywa kwa miongo, na kila mwongo ni siku kumi. (Vijana wa leo husema mwongo wakakusudia miaka kumi, na si kosa, maana neno lenyewe halina ndani yake ila hiyo kumi, lakini mwongo wa babu ulikuwa wa siku.) Miongo 36 hufanya siku 360, na siku tano zinazobaki ni za mwisho, hazimo katika mwongo wowote. Tena kila mwaka ulipewa jina la siku uliyoingilia, ukaitwa mwaka Jumamosi au mwaka Alhamisi. Na kwa kuwa siku 365 ni wiki 52 na siku moja, mwaka unaofuata huingia kwa siku inayofuata, Jumamosi kisha Jumapili kisha Jumatatu, mpaka miaka saba ikatimia na kurudi mwanzo, na kila mmoja wa hiyo saba ulikuwa na tabia yake waliyoijua wazee. Babu aliweka kifuu cha nazi katika shubaka la ukuta, na kila mwongo ulipotimia alitia ndani yake kokwa moja ya ukwaju. Hiyo ndiyo kalenda yake yote.

Nataka msomaji aelewe thamani ya kokwa hizo, na hataielewa pasi na kuijua ardhi yetu. Anayeisifu Unguja kwa mikarafuu na mabonde ya mpunga anasifu upande wa magharibi na wa kati. Kusini na mashariki ni maweni, jiwe la matumbawe lililotoboka, na udongo umo mashimoni tu, kiasi cha ukufi hapa na kibaba pale. Mkulima wa maweni hufyeka kichaka wakati wa kaskazi, akakiacha kikauke, akakichoma, kisha akangoja. Na mvua ya kwanza ya masika ikishuka, huenda shimo kwa shimo na mchokoo wake, akatia mtama hapa, kunde pale, choroko, pojo, mihogo, akifunika kwa kisigino. Akichoma mapema mno, majani hurudi kabla ya mvua. Akichelewa, kichaka kimelowa na hakishiki moto, na mwaka wake umekwisha kabla haujaanza. Hana shamba jengine la kufidia wala udongo wa akiba. Kwa mtu kama huyo kuijua siku ya 200 na siku ya 210 si anasa ya ilimu, ni chakula cha watoto.

Wala babu hakuihesabu kwa upofu. Hesabu inayorudi nyuma siku moja kila miaka minne humtupa mtu siku kumi na tano katika umri wa miaka 60, na kila mzee aliyekaa na akili yake aliona kwamba mwongo aliofundishwa na baba yake kuwa ndio wa kuchoma sasa umepitwa kidogo. Kwa hiyo pamoja na kokwa aliangalia mengine. Aliangalia Kilimia, kundi lile la nyota ndogo ambalo jina lake limetokana na kulima, linavyoshuka magharibi jioni mpaka likazama pamoja na jua katika siku za masika. Aliangalia mbuyu unapotoa majani, na alisikiliza bahari inavyovuma mwambani, kwa sababu sauti ya mwamba wakati wa kaskazi siyo sauti yake upepo unapogeuka. Hesabu ilimwambia siku ipi aanze kutazama. Aliyemwambia aanze kazi ni upepo. Katika Unguja, tena, neno mwaka lenyewe hutumika kwa maana ya mvua za masika, ukasikia mtu akiuliza kama mwaka umeshaanza kunya.

Sherehe kubwa, ambayo mpaka sasa huwakusanya watu kutoka pande zote za kisiwa, ni ya Makunduchi. Sisi wa vijiji vya jirani tulikwenda kwa miguu, tumevaa nguo mpya, na mama zetu wamechukua vyombo vya mkate wa kumimina vichwani. Wanaume wa mji hugawanyika pande mbili, watu wa kusini na watu wa kaskazini, wakakabiliana uwanjani na mikononi mwao wameshika magomba, yaani mashina ya mgomba yaliyokatwa yakawa na urefu wa mkono; na hapo hupigana, kwa nguvu na kwa kelele, maji ya mgomba yakiruka, mpaka wachoke. Aliyekuwa na kisasi na mwenziwe kwa mwaka mzima humtafuta mwenziwe huyo katika kundi. Alipigwa huyu, akapigwa yule, na vita vikaisha pale pale. Kuondoka uwanjani na kinyongo kifuani ni kuuvunja mwaka. Wazee walisimulia kwamba zamani zilikuwa bakora, na gomba likaja baadaye kwa huruma, kwa kuwa linauma lakini halivunji mfupa. Wakati huo wanawake hupita makundi kwa makundi wakizunguka uwanja, wamevaa walichonacho kilicho kizuri, wakiimba nyimbo za siku ile, na katika nyimbo hizo husema wazi mambo ambayo siku nyengine yoyote yangewatia aibu. Huko nako ni kukoga, maana neno lililokaa tumboni mwaka mzima nalo hutoka.

Halafu hujengwa kibanda cha makuti na majani makavu. Mzee mwenye dhamana ya mila huingia ndani, kibanda kikatiwa moto, naye akatoka upande wa pili kabla ya ndimi za moto kumfikia, na watu wakarusha mchanga na mawe juu ya moto ule huku wakikimbia. Macho yote hutazama moshi. Unakoelekea ndiko inakosomwa bahati ya mwaka. Mimi nilibebwa mabegani na mjomba wangu, nikauona moshi ukilala kuelekea bara kwa nguvu za kusi, nikamwuliza maana yake ni nini, naye akanijibu kuwa tumwulize mzee, na mzee alikuwa hajibu watoto.

Siku zinazofuata, mpaka ya nne, ni za kula, ngoma na wageni. Wageni hasa. Katika Makunduchi nyumba isiyopata mgeni siku ya mwaka huona imepungukiwa, na mwenyeji husimama njiani akamshika mkono mtu asiyemjua kabisa, akamwambia karibu kwangu, ule wali. Nimekula katika nyumba ambazo mpaka leo sizijui za nani.

Najua kwamba wako masheikhe, tena watu wa ilimu ambao mikono yao naibusu, wanaoikataa siku hii. Wanasema kwamba Nairuzi ni sikukuu ya Majusi, kwamba kusoma bahati katika moshi ni shirki, na kwamba Uislamu una Idi mbili na hazina ya tatu. Sikusudii kubishana nao katika jambo la moshi, maana hapo wana hoja. Lakini asidhani mtu kwamba watu wa kusini walibaki na mila hii kwa sababu dini haikuwafikia. Pale Kizimkazi Dimbani, mwendo wa asubuhi moja kutoka Makunduchi, uko msikiti ambao katika kibla chake yamechorwa maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka wa 500 wa Hijra, ndio mwaka wa 1107 wa Miladi, na ni maandishi ya kale kuliko karibu yote yanayojulikana katika pwani hii. Watu waliosali nyuma ya jiwe lile ndio hao hao waliokoga mwaka. Bibi yangu aliyezima moto usiku wa kibunzi ndiye aliyetuamsha kwa sala ya alfajiri siku zote za umri wake, na pale pwani, kabla ya kutuzamisha, alisoma Fatiha. Mwalimu wetu wa chuoni hakuwa akija uwanjani. Alikaa barazani kwake, tukimpelekea sahani ya wali alipokea na kuomba dua ya heri kwa mwaka mpya. Waliishi pamoja namna hiyo, kila mmoja akiijua mipaka yake, na sioni kwamba imani ya yeyote katika wao ilipungua.

Wala mila hii haikuwa ya Makunduchi peke yake. Siku ya mwaka ilijulikana pwani nzima. Huko Lamu ng'ombe alizungushwa mjini kwa visomo kisha akachinjwa, ili mji uzingiwe na kinga; Mombasa, Tumbatu na Pemba ziliisherehekea kila mahali kwa desturi yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliieleza katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten katika mwaka wa 1903, na kwa kusoma kwake mtu hufahamu kwamba Mrima nako watu waliteremka baharini alfajiri kama sisi. W. H. Ingrams, aliyekuwa mtumishi wa serikali Unguja, aliigusa katika kitabu chake cha 1931; na Sir John Gray, aliyepata kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, aliiandikia makala mahsusi katika miaka ya 1950. Nawashukuru wote hao. Lakini katika hao watatu aliyeandika kwa lugha ya waliokoga ni mmoja tu, na ni kwake yeye ninakorudi ninapotaka kusikia sauti za watu.

Makunduchi bado wanakoga mwaka. Magomba bado yanakatwa, kibanda bado kinachomwa, na siku hizi huja viongozi wa serikali, wapiga picha na wageni wa ng'ambo, na vipaza sauti vinasikika hadi kijijini kwetu. Sina kinyongo na hayo; siku iliyojengwa juu ya kukaribisha wageni haiwezi kulalamika kwamba wageni wamekuja. Kinachoniuma ni kwamba mlango umebaki na nyumba imebomoka. Nairuzi ilikuwa siku ya kwanza ya hesabu, na hesabu yenyewe, ile ya siku 364 zinazoifuata, imekwisha. Waulize vijana wanaopigana magomba leo ni mwongo wa ngapi, watakuambia tarehe ya simu. Sababu zake ni nyingi na hazina mkosaji mmoja. Jahazi za msimu zilipokoma kuja, nahodha hakuwa na haja ya kuhesabu. Tangu 1989, kilimo cha mwani kilipoanza katika pwani hizi za mashariki, wanawake wengi waliacha konde la maweni wakaingia baharini, na mwani haufuati mwongo, unafuata bamvua na maji mafu, ambayo ni mambo ya mwezi. Skuli ilileta kalenda ya ukutani. Na mvua nazo, kila mkulima atakwambia, haziji tena kwa ahadi. Hata moto: ule moto mpya wa siku ya mwaka, uliokuwa ukipekechwa kwa ulindi na ulimbombo zama za ujana wa babu, mimi niliukuta ukiwashwa kwa kibiriti, na nyumba nyingi leo hazina mafiga ya kuzimwa.

Babu alifariki nikiwa bado chuoni, sijahitimu. Siku ya mwisho ya matanga nilitumwa chumbani kwake kuleta msala, nikakiona kifuu pale pale shubakani, na ndani yake mlikuwa na kokwa 21, nilizihesabu mara mbili. Kokwa 21 ni siku ya 210, na kwa mwaka ule ilikuwa ni mwisho wa Februari. Nje, juu ya maweni, moshi wa makonde yaliyochomwa ulikuwa umesimama wima, kwa kuwa kaskazi ilikwisha kulegea. Bibi aliingia akanikuta nimekishika. Hakunikemea. Alihesabu kwa vidole siku tangu babu alipolala kitandani, akafungua pindo la kanga, akanipa kokwa moja.

"Tia, mjukuu wangu," alisema. "Mwongo umetimia jana."

Nikatia. Ile ya 23 sikumbuki kama kuna aliyeitia.